Kwale, Kifaru na Yatima: Majina na Wanyama wa Magharibi ya Nairobi

Barabara ya Ngong hutoka katikati ya jiji la Nairobi ikielekea magharibi, na kwa masafa marefu hupita kati ya makazi mawili ambayo watu wengi huyataja kwa pamoja ingawa historia zake ni mbalimbali: Kibera upande wa kusini, na Kawangware upande wa kaskazini. Majina haya matatu, yaani la barabara na ya makazi hayo mawili, yanatokana na lugha tatu zisizo na udugu wa karibu. La kwanza ni la Kimaasai, la pili ni la Kinubi, la tatu ni la Kikuyu. Hata hivyo yanafanana katika jambo moja: yote yalipewa mahali kwa sababu ya pori au kiumbe aliyeishi porini.

Kilomita chache kutoka Kibera, kwenye lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi katika Barabara ya Lang'ata, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1964 kwa ajili ya kutunza wanyama wa porini waliookotwa wakiwa wachanga bila mama zao, au wakiwa wamejeruhiwa. Kwa Kiswahili kituo hicho hujulikana kama makao ya wanyama yatima. Kwa watoto wa mitaa hii miwili, ambao wazazi wao aghalabu hawana gari la kuingia nalo mbugani, hapo ndipo walipomwona simba kwa mara ya kwanza, nyuma ya waya, wakiwa katika safari ya shule. Makala haya yanachunguza habari za wanyama hao kwa kupitia maneno yaliyotumika kuwataja, wao na ardhi yao, kwa kuwa katika suala hili maneno yamehifadhi mengi ambayo ardhi yenyewe haikuhifadhi.

Pori katika majina

Yafaa kuanza na Ngong, kwa sababu ndilo jina lililopoteza zaidi. Asili yake ni maneno ya Kimaasai enkong'u e muny. Neno enkong'u lina maana ya jicho, na pia lina maana ya chemchemi. Anayejua Kiarabu atakumbuka mara moja kwamba neno ayn lina maana hizo hizo mbili. Muny ni kifaru. Jina zima, basi, ni chemchemi ya kifaru, mahali alipokuja mnyama huyo kunywa maji. Wageni walioliandika jina hilo walichukua mwanzo wake tu na kulikata. Waliacha jicho, wakamtupa kifaru. Leo jina hili limewekwa juu ya vilima, mji, msitu na barabara, na wanaolitamka kila siku kwa maelfu hawajui kwamba wanataja nusu ya kirai.

Kibra ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu au pori. Kinubi, kama alivyoeleza Bernd Heine katika kitabu chake cha mwaka wa 1982 kuhusu lugha ya Kibera, ni krioli iliyotokana na Kiarabu. Mama yake ni Kiarabu cha kambini, kilichozungumzwa na askari waliotoka sehemu za kusini mwa Sudan, wakaingia Uganda, na hatimaye wakaandikwa katika jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles. Tangu mwaka wa 1904 askari wa aina hiyo waliomaliza utumishi wao walianza kuketishwa katika pori lililokuwa pembeni mwa mji mchanga wa Nairobi. Waliliita pori hilo kwa jina lake la kawaida, kibra, kama vile mtu anavyosema 'naenda msituni', na jina la kawaida likawa jina maalumu. Kiswahili, ambacho hakipendi sana konsonanti mbili kama br katikati ya neno, kiliingiza irabu na kupata Kibera. Mabadiliko hayo ni ya kawaida kabisa katika ukopaji wa maneno, wala yasingestahili kutajwa hapa kama yasingekuwa na sura ya kisiasa baadaye. Mwaka wa 2013, eneo jipya la uchaguzi lilipokatwa kutoka Lang'ata, liliandikwa rasmi kwa jina la Kibra, bila irabu ile. Ni nadra kuona ramani ya serikali ikirudia matamshi ya wazee.

Kawangware ina utata zaidi. Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba jina hili linatokana na neno la Kikuyu ngware, yaani kwale, ndege wa ardhini anayekimbia vichakani na kuruka kwa ghafla mtu akimkanyagia karibu. Kifonolojia hapana shida. Ngware na kwale ni neno moja la Kibantu katika mavazi mawili: mahali ambapo Kiswahili kimeacha nazali na kubaki na k, Kikuyu kimeigeuza k hiyo kuwa ng, kama ilivyo kwa kuku na ngũkũ, na l ya Kiswahili hulingana na r ya Kikuyu, kama kulala na kũrara. Tatizo liko kwenye silabi za mwanzo. Kiambishi ka- ni cha udogo, na -wa- ni kiunganishi ambacho katika Kikuyu hutangulia mara nyingi jina la mtu, mathalani mwana wa fulani. Kwa hiyo inawezekana kwamba jina linataja kwale moja kwa moja, na inawezekana vilevile kwamba linamtaja mtu aliyeitwa Ngware, na ndege akawa nyuma yake kwa hatua moja. Kwa vyovyote vile ndege yumo. Anayetaka kumwondoa hana budi kwanza aeleze mtu huyo alipewa jina hilo kwa sababu gani.

Majina haya yanapowekwa pamoja yanatoa picha ya nchi ilivyokuwa reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899: msitu upande wa magharibi, vichaka vya kwale kwenye mpaka wa mashamba ya Wakikuyu, chemchemi za kifaru kuelekea vilimani, na uwanda wa nyasi upande wa kusini ambako Wamaasai walilisha ng'ombe kando ya nyumbu na punda milia. Isidhaniwe kwamba ilikuwa nchi isiyoguswa. Miaka ya 1890 ilikuwa miaka ya sotoka, ndui na njaa. Ng'ombe wa Wamaasai walikufa kwa wingi, na nyati pia, kwa kuwa sotoka haikubagua mfugo na mnyama wa porini. Wageni walioiona nchi hiyo muda mfupi baadaye waliisifu kuwa tupu. Utupu huo ulikuwa na umri wa miaka michache tu.

Mipaka miwili

Mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza ardhi ya Kibera, zaidi ya ekari 4,000, kuwa hifadhi ya kijeshi kwa ajili ya Wanubi hao. Mkazi alipewa kibali kilichoitwa pasi ya shamba. Hakupewa hati ya kumiliki. Alikuwa mtu wa kukaa kwa ridhaa ya serikali, na ridhaa ni kitu kinachoweza kuondolewa. Kwa upande wa Kawangware mambo yalikuwa tofauti. Huko ardhi ilikuwa ya Wakikuyu wa Dagoretti, mahali ambapo Lugard alijenga ngome yake mwaka wa 1890, na baadaye ikawa ardhi yenye hati za watu binafsi. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini makazi mawili yanayofanana kwa macho ya mpita njia hayafanani hata kidogo mbele ya hakimu.

Mpaka wa pili uliwekwa kwa ajili ya wanyama. Uwanda wa kusini mwa mji ulikuwa sehemu ya hifadhi kubwa ya wanyama iliyotangazwa mwanzoni mwa ukoloni, lakini hifadhi hiyo ilizuia uwindaji tu. Haikuzuia malisho, wala jeshi halikuzuiwa kufanya mazoezi ya kulenga shabaha humo. Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyeongoza kampeni ya kupata mbuga ya taifa. Hila yake inajulikana: alilipelekea gazeti la East African Standard barua chini ya jina la kubuni la mlowezi wa zamani, akitaka wanyama wote wauawe kwa bunduki za mashine. Wasomaji walighadhibika kama alivyotarajia, na kutokana na ghadhabu hiyo akapata kamati. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa Desemba 1946, ikiwa ya kwanza nchini. Eneo lake ni kilomita za mraba 117, yaani karibu ekari 29,000. Wamaasai waliokuwa wakilisha humo walitakiwa kuondoka.

Hapa msamiati unastahili kuangaliwa. Neno mbuga katika Kiswahili cha asili lilikuwa na maana ya uwanda wa nyasi usio na miti mingi, hasa wenye udongo mweusi unaoshika maji wakati wa masika. Lilikuwa neno la umbo la nchi. Kenya ililichukua neno hilo na kulifanya neno la sheria, likawa na maana ya eneo lenye mipaka, lango, ada na askari. Tanzania ikapendelea hifadhi, neno linalotaja kitendo cha kulinda. Katika matumizi ya Kenya, msitu wa milimani kabisa unaweza kuitwa mbuga, jambo ambalo lingemshangaza mkulima wa zamani. Aliyesimamia sheria ya wanyama naye alipewa jina: Bwana Game. George Adamson alipoandika habari za maisha yake, kitabu kilichotoka mwaka wa 1968, alikipa jina hilo hilo, akilitumia kwa fahari. Neno la Kiingereza ndani ya jina hilo ni lile la mwindaji: mnyama anayetajwa humo ni windo. Watu wa kawaida walilirudia bila kulitafsiri, na huenda walifanya vizuri, maana windo la wazungu na windo la mwenyeji havikuwa kitu kimoja mbele ya sheria.

Yatima

Kituo cha Lang'ata kilipofunguliwa mwaka wa 1964, Kenya ilikuwa na miezi tu tangu ipate uhuru, na dunia nzima ilikuwa ikisoma habari za Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson tangu mwaka wa 1956 na kurudishwa porini kabla ya kufa kwake mwaka wa 1961. Haisemwi mara nyingi kwamba dada zake wawili hawakurudishwa popote. Walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Hayo ndiyo yaliyokuwa majaliwa ya kawaida ya mnyama mchanga aliyeokotwa Kenya wakati huo: kufa, kuuzwa ng'ambo, au kufungwa kwa mnyororo kwenye ua wa mlowezi. Kituo kilikusudiwa kuwa njia ya nne.

Neno yatima lilichaguliwa kwa tafsiri ya moja kwa moja, na waliolichagua huenda hawakujua jinsi lilivyofaa. Katika Kiarabu, ambako Kiswahili kimelitoa, wanaleksikografia wa zamani walitofautisha wazi: kwa binadamu yatima ni aliyefiwa na baba, kwa mnyama yatima ni aliyefiwa na mama. Sheria ya Kiislamu ilijengwa juu ya maana ya kwanza, kwa kuwa baba ndiye mwenye wajibu wa kulisha na ndiye anayeacha mali inayoweza kuliwa na walezi wasio waaminifu. Kiswahili kililegeza mipaka hiyo. Yatima akawa yeyote aliyepoteza mzazi, na aliyepoteza wote wawili. Lakini simba mchanga wa Lang'ata ni yatima kwa maana ya Waarabu wa kale hasa. Baba yake huenda yu hai na ananguruma ng'ambo ya ua. Aliyemkosa ni mama.

Pamoja na yatima kulikuja kitenzi. Kiswahili kina kufuga, ambako ni kumweka mnyama nyumbani kwa faida ya mwenye nyumba, na kutokana nako tuna mfugo na ufugaji. Kina kufunga, ambako hakuhitaji maelezo. Na kina kulea, ambacho ni kitenzi cha mtoto. Ndugu yake katika Kikuyu ni kũrera, chenye r mahali ambapo Kiswahili kimeitupa l ya pili. Anayelelewa hutarajiwa siku moja aondoke kwa mlezi. Makao ya yatima kwa hiyo ni ahadi ndani ya neno: mnyama huyu halelewi ili akae. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa kadiri gani?

Kwa wanyama wala nyasi, na kwa wengi waliojeruhiwa kidogo, ilitimizwa mara nyingi, kwa kuwa mbuga ilikuwa hapo hapo mlangoni. Kwa wanyama wala nyama jambo lilikuwa gumu. Mwaka wa 1965, filamu ya habari za Elsa ilipokwisha kupigwa, Adamson alipewa simba watatu miongoni mwa waliocheza ndani yake, Boy, Girl na Ugas, akawapeleka Meru kuwafundisha kujitegemea. Majina yao yenyewe ni somo. Mawili ni ya Kiingereza, mvulana na msichana, waliyopewa na wanajeshi wa Kiingereza waliowaweka kama alama ya kikosi chao; la tatu ni neno la Kisomali la cheo cha mtawala. Girl alizaa porini. Boy aliletwa baadaye Kora, na mwaka wa 1971 alimuua mmoja wa wafanyakazi wa Adamson, na Adamson akampiga risasi. Baada ya tukio hilo haikuwa rahisi kwa mtu yeyote serikalini kutia sahihi ya kumwachilia simba aliyelelewa kwa mikono ya watu. Mnyama asiyeweza kuachiliwa alibaki kwenye kizimba, akazeeka, na akaendelea kuitwa yatima.

Ndivyo neno lilivyohama. Miongoni mwa waliotunzwa Lang'ata kwa miaka hiyo yote walikuwamo simba, chui, duma, fisi, bweha, mondo, ngiri, nyati, nyani, na kima na tumbili wa aina mbalimbali. Na kwa upande wa ndege mbuni, korongo-taji, kasuku na kanga. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini, utaona kwamba sehemu kubwa yake haikufiwa na mtu. Kasuku na tumbili aghalabu ni mateka wa biashara au wanyama waliofugwa majumbani kinyume cha sheria na kunyang'anywa. Chui wengine walikamatwa kwa mitego baada ya kula mbuzi wa watu. Hata paka wa Sokoke amewahi kuwekwa hapo, naye si mnyama wa porini hata kidogo: ni paka wa Pwani, ambaye Wagiriama humwita kadzonzo, na wageni walimwona wakadhani wamevumbua kitu mwaka wa 1978. Yatima, aliyenyang'anywa, mhalifu na mgeni wote waliwekwa chini ya jina moja, kwa sababu jina hilo ndilo lililogusa moyo wa mlipa ada.

Katika miaka ya 1970 na 1980 maana ya kwanza ilirudi kwa nguvu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, lakini majangili hawakuwa wakiomba leseni. Vifaru weusi, ambao walikisiwa kuwa karibu 20,000 mwaka wa 1970, walipungua hadi chini ya 400 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndovu nao walichinjwa kwa maelfu. Wachanga waliosalia kando ya mizoga walikuwa yatima wa bunduki, na kwa kuwa ndovu mchanga hawezi maziwa ya ng'ombe, wengi walikufa mikononi mwa waliotaka kuwasaidia. Kituo kingine kilichoanzishwa na Daphne Sheldrick upande wa pili wa mbuga baada ya kufiwa na mumewe mwaka wa 1977 kilipata umaarufu kwa kutatua tatizo hilo la maziwa, na huko wanyama walirudishwa Tsavo kweli. Mtu wa Nairobi mara nyingi huchanganya vituo hivi viwili katika mazungumzo. Si vibaya kukumbuka kwamba kile cha serikali ndicho kilichotangulia, na kwamba ndicho kilichowapokea wanyama wasiopendeza: fisi hana wafadhili wengi ng'ambo.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1989, lilirithi kituo pamoja na mbuga. Mwaka wa 2001 lilifungua kando yake njia ya kutembea kwa miguu iitwayo Nairobi Safari Walk, ambamo wanyama wamewekwa katika nafasi kubwa zaidi. Bongo wa milimani wamewahi kuoneshwa hapo, na faru mweupe, ambaye wengi wa wale tunaowaona Kenya leo wana asili ya Afrika Kusini, na pia punda milia mwenye ualbino. Yatima halikutumika katika jina hilo. Lilichukuliwa neno safari, ambalo Kiingereza kilikuwa kimelikopa, kulinenepesha na kulirudisha likiwa na bei.

Lakini neno yatima halikuishia Lang'ata. Katika miaka ya 1990, ukimwi ulipoenea, vibao vya makao ya watoto yatima vilisimamishwa katika vichochoro vya Kibera na Kawangware, vikiwa na neno lile lile na mara nyingine rangi zile zile. Sarufi ya Kiswahili haioni tofauti: mtoto yatima analia, simba yatima analia; upatanisho ni wa viumbe hai kwa wote. Sheria iliona tofauti, ila si kwa namna ambayo mtu angetarajia. Mnyama wa porini aliyezaliwa Kenya ni mali ya taifa bila kuulizwa. Mtoto wa Mnubi aliyezaliwa Kibera, kizazi cha tatu au cha nne, alilazimika akifikisha miaka kumi na minane kuthibitisha mbele ya kamati kwamba ni Mkenya. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua, katika shauri la kwanza kabisa kulitolea uamuzi, kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Juni 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ardhi ya Kibera. Ilikuwa ya ekari 288.

Waliotoka

Ua wa mbuga upande wa mji ni wa nyaya. Upande wa kusini ni mto Mbagathi tu, ili nyumbu na punda milia waweze kutoka kwenda uwanda wa Kaputiei na kurudi. Kadiri uwanda huo ulivyozidi kukatwa viwanja, na kadiri barabara na reli mpya zilivyopita kandokando na hatimaye ndani ya mbuga, simba walizidi kuonekana mahali wasipotarajiwa. Februari 2016 simba kadhaa walitoka upande wa Lang'ata, na habari zikaenea Kibera kwamba wameonekana huko. Kwa siku moja watu wa Kibera waliishi kama babu zao wa mwaka wa 1904 walivyoishi, wakifunga milango mapema na kuhesabu watoto. Machi 30 ya mwaka ule ule simba dume aliyejulikana kama Mohawk, kwa jinsi manyoya ya kichwa chake yalivyosimama, aliuawa kwa risasi huko Isinya, baada ya kumjeruhi mtu mmoja katikati ya umati.

Inafaa kutazama kitenzi ambacho watu hutumia katika visa kama hivyo. Husemwa kwamba simba ametoroka. Kutoroka ni kitendo cha mfungwa, cha mtumwa, cha mwenye deni. Mnyama aliyetoka kizimbani anaweza kweli kusemwa kuwa ametoroka. Lakini simba wa mbugani hakuwa ndani ya kizimba. Alivuka mstari uliochorwa mwaka wa 1946 na kuingia mahali ambapo simba waliomtangulia walikuwa wakilala. Kitenzi hicho kinaonesha kwamba katika fikra za mji, mbuga yenyewe imekuwa zizi, na tofauti kati ya mnyama wa kituoni na yule wa porini imebaki ya ukubwa wa ua tu.

Kwale hawakuhitaji kutoroka. Hakuna aliyewajengea kituo, wala hakuna kibao kilichowataja. Walipungua Kawangware kadiri vichaka vilivyofyekwa na vyumba vya mabati kujengwa, na katika msitu wa Barabara ya Ngong bado wanasikika alfajiri. Kifaru yuko hai katika mbuga ya Nairobi, mahali ambapo vifaru weusi wamekuwa wakiletwa kutoka sehemu zenye hatari tangu miaka ya 1960, na baadhi yao wamepelekwa kutoka hapo kuanzisha makundi mapya kwingine. Jina lake ndilo ambalo halijarudishwa. Asubuhi, kwenye kituo cha magari, makanga wa njia ya 46 huita 'Kawangware', wa upande wa pili huita 'Kibera', na wa tatu, anayekwenda mbali zaidi, huita 'Ngong', akikatiza neno mahali pale pale lilipokatwa.